Chapati za Krismasi Ruring'u na Keki za Mwezi za Uchina

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nyeri katika siku za mwisho wa Desemba huona magari yamejaa watu na mizigo. Wengi ni makarani, mafundi na wanafunzi warudio kwao, na katika mizigo yao haukosekani mfuko wa unga wa ngano. Baadhi yao hushuka Ruring'u, mtaa ulio karibu na mji wa Nyeri, ambao Mlima Kenya uko mashariki yake na milima ya Nyandarua magharibi. Wengi waujua mtaa huu kwa uwanja wake, ambako Desemba 1963, siku chache baada ya Uhuru, wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikabidhi silaha zao.

Katika nyumba nyingi za huko, Krismasi haihesabiwi kuwa imefika mpaka chapati ziive. Hata hivyo, chapati si chakula cha asili cha Wakikuyu. Chakula chao cha heshima tangu kale ni njahi, zile mbegu nyeusi zenye ukingo mweupe, ambazo hupikiwa mama aliyejifungua na wageni wa arusi. Hata mvua za masika huitwa kwa Kikuyu mvua ya njahi. Chapati ililetwa na Wahindi waliokuja kwa kazi ya reli na biashara. Mwaka 1908 Lord Delamere alianzisha kampuni ya kusaga ngano iitwayo Unga, lakini kwa miaka mingi unga huo ulikuwa ghali kwa mkulima. Mahindi yalitoka shambani mwake, ngano ilitaka fedha; ndiyo sababu chapati ikawekwa kwa sikukuu.

Tena kazi yake yataka watu. Mmoja hukanda, mwingine hukata madonge na kuyasokota kama konokono ili chapati iwe na tabaka, wa tatu husukuma, wa nne hukaa motoni akigeuza. Wakati huo habari za mwaka mzima husimuliwa.

Desturi ya namna hii haiko Ruring'u peke yake. Wachina, ambao makampuni yao yalijenga barabara kuu ya Nairobi hadi Thika iliyokamilika mwaka 2012, na ambayo wasafiri wetu huipita, nao wana andazi lao la kukutanisha jamaa. Huitwa keki ya mwezi, na huliwa siku ya 15 ya mwezi wa nane wa kalenda yao ya kale, mwezi uwapo mpevu. Ndani hutiwa mbegu za yungiyungi au maharagwe mekundu yaliyopondwa kwa sukari, na mara nyingi kiini cha yai la bata lililotiwa chumvi, mfano wa mwezi wenyewe. Umbo lake la duara ni ishara ya jamaa waliotimia; keki moja hukatwa vipande, kila mmoja apate chake. Mwaka mpya wao una keki nyingine ya unga wa mchele wenye kunata, ambayo jina lake husikika kama kusema mwaka wa kupanda juu zaidi.

Vyakula hivi viwili vimepatwa na majaribu. Huko Uchina keki ziligeuzwa zawadi za fahari katika makasha ya thamani, hata mwaka 2022 serikali ikaweka masharti makali juu ya makasha hayo. Kwetu chapati yauzwa hotelini kila siku, na mtoto haingojei tena. Wako pia wanaofika nyumbani na chapati za kununua, wakidhani wamempunguzia mama kazi, kumbe wamemwondolea na mazungumzo.

Ewe msomaji, ukienda kwenu Desemba, chukua unga, kisha ukunje mikono ya shati usukume. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mzee aliyengoja mwaka mzima hukungoja wewe kabla ya chapati.