Daftari la Milio

Binadamu hukiogopa asichokiona kuliko akionacho. Simba akitokea kondeni, watu hujua pa kukimbilia. Lakini hatari isiyo na rangi, harufu wala sauti humfanya mtu akitilie shaka kikombe anachonywea na ukuta anaouegemea. Mionzi ni hatari ya namna hiyo, na kipimo cha Geiger kilibuniwa ili masikio yapate kusikia kile ambacho macho hayawezi kukiona.

Chombo chenyewe si cha miujiza. Hans Geiger na Walther Müller walikikamilisha Ujerumani mwaka 1928. Ni mrija uliotiwa gesi, na katikati yake umepita waya wenye nguvu kubwa ya umeme. Mwonzi ukipenya ndani huzipasua chembe za gesi, umeme huruka kitambo kidogo, na chombo hulia. Kila mlio ni hesabu moja. Hapo kale vyombo hivi vilikuwa mali ya maabara; siku hizi mtu wa kawaida aweza kununua kimoja akakiweka mezani karibu na redio yake.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibaha alinunua chombo hicho, na pamoja nacho akanunua daftari la shule. Akapiga mistari minne: tarehe, saa, mahali na hesabu. Dakika ya kwanza nyumbani kwake ilimpa milio 19. Jumamosi iliyofuata alikwenda Kisarawe kumwamkia mama yake. Alipita Dar es Salaam, akapanda vilima vya Pugu vinavyojulikana kwa udongo wake mweupe wa kaolini, akafika kwenye nyumba ya udongo alimozaliwa. Barazani palikuwa na kinu kilichofudikizwa. Akakiweka chombo juu yake, akatazama saa. Dakika moja: milio 31.

Moyo ulimruka. Akakumbuka habari za urani ya Mto Mkuju, huko Namtumbo. Akakumbuka Shinkolobwe, katika Kongo, ambako ilichimbwa sehemu kubwa ya urani iliyotumiwa na Marekani kutengeneza mabomu yake ya kwanza, na Hiroshima iliyoteketea mwaka 1945. Kabla chai haijapoa alikuwa amekwisha kukata shauri: mama ahamie Kibaha na nyumba ibomolewe. Jirani aliyekuwapo barazani aliyasikia maneno hayo, na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulijua kuwa ardhi ya bibi ina sumu. Mwanamke aliyezoea kununua mihogo ya shamba lake alipita njia bila kusimama, kikapu chake kitupu.

Mama alimsikiliza mwanawe hata mwisho.

“Mwanangu,” akasema, “nyumba hii baba yako aliijenga kwa mikono yake, na kaburi lake liko nyuma ya mwembe ule. Ukiniambia nihame nitahama, maana wewe ndiye uliyesoma. Lakini niambie, umehesabu mara ngapi?”

“Mara moja, mama.”

“Mara moja! Mimi nikimshuku muuza mchele, humwambia apime tena. Nawe wataka kunitoa kwangu kwa kibaba kimoja?”

Swali lile lilimtahayarisha mwalimu, kwa sababu jibu lake alikuwa akilifundisha darasani miaka mingi. Mionzi haiji kwa zamu kama wanafunzi wanaoingia darasani; huja ovyo kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Hesabu ya mambo yajayo ovyo hupotoka kwa kadiri ya kipeuo chake cha pili. Milio 25 yaweza kupotoka kwa 5, juu au chini, na pengine zaidi: sehemu moja katika tano. Milio 2,500 hupotoka kwa 50 tu: sehemu moja katika hamsini. Basi 19 na 31 zaweza kuwa watoto wa mama mmoja, ambaye ni 25.

Usiku ule alilala Kisarawe, akahesabu saa nzima. Alipata milio 1,527. Aliporudi Kibaha alihesabu saa nzima vile vile, akapata 1,494. Tofauti ilikuwa 33, nayo ni ndogo kuliko upotofu wa hesabu zenyewe. Nyumba ya mama haikuwa na kosa.

Daftari liliendelea kumfunza. Siku moja ya masika mvua kubwa ilinyesha Kibaha na hesabu zikapanda. Safari hii hakupiga mbiu. Aliandika “mvua” pembeni, akangoja. Baada ya saa chache zilishuka. Radoni, gesi itokayo ardhini, huzaa hewani chembe zenye mionzi. Mvua huziosha na kuzileta chini, nazo hufifia upesi, nguvu zake zikipungua nusu kwa muda usiotimia nusu saa. Alijua pia kwamba hakuna mahali penye sifuri. Mionzi hutoka angani, katika mawe, katika potasiamu ya mihogo na ndizi, na katika mwili wa mpimaji mwenyewe. Kwa wastani, mtu duniani hupata karibu milisiverti 2.4 kwa mwaka kutokana na maumbile peke yake. Pako mahali penye zaidi, kama kilima cha Mrima katika pwani ya Kenya, chenye madini ya thori.

Wala subira si kupuuza, maana wahenga waliosema haraka haraka haina baraka ndio waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kama saa nyingi zingalishuhudia kuwa kuta zile zimezidi, wajibu wa mwalimu ungalikuwa kulipeleka daftari lake kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye vyombo vya kutambua mionzi hutoka katika kitu gani. Kipimo chake kidogo huhesabu hodi zinazopigwa mlangoni. Hakijui jina la anayebisha.

Kazi ngumu ilikuwa imebaki. Uvumi ulikuwa umeenea kwa asubuhi moja; kuufuta kulimchukua majuma. Alikwenda Kisarawe, akapita mlango kwa mlango na daftari mkononi, akisema, “Nilikosea.” Jirani alicheka, akamsamehe. Mwanamke wa kikapu alirudi. Lakini wako ambao hata leo hununua mihogo kwingine, kwa kuwa neno la hofu hukaa moyoni kuliko neno la kusahihisha.

Ukurasa wa kwanza wa daftari mwalimu hakuuchana. 19 na 31 zipo palepale zilipoandikwa, na chini yake ameongeza kwa wino mwekundu: “Dakika moja moja. Nusura nivunje nyumba ya baba.”