Ningekuja Kama Nani?

Kundi letu la WhatsApp lilipewa jina "Wahitimu 2006" na hakuna aliyepinga. Tulikuwa tumepotezana miaka kumi na minane, kwa hiyo siku za kwanza zilikuwa picha za watoto na maswali ya nani yuko wapi. Wiki ya pili tukawa na mwenyekiti, mweka hazina na rangi ya kitenge. Mimi nikapewa ukatibu. Ukishakuwa mwandishi wa habari, kila kikao kinakukabidhi kalamu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa orodha ya waalikwa. Sherehe ingefanyika Jumamosi, tarehe 31 Agosti 2024, shuleni kwetu, shule ya bweni ya wasichana mkoani Kigoma ambayo jina lake naliacha. Nikayatoa majina kwenye matokeo ya Kidato cha Nne, nikamaliza kabla chai haijapoa.

Ijumaa nikashuka Kibirizi kununua dagaa. Ukirudi Dar kutoka Kigoma bila dagaa na mawese, jieleze mwenyewe kwa majirani. Uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulikuwa umesimamishwa tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, na sasa ziwa limefunguliwa na mwezi uko gizani, wakati ambao dagaa wanafuata taa. Mwaloni kulikuwa na uhai. Wanawake wamepiga magoti wakiwageuza dagaa juani, wachuuzi wanapatana, boti za kwenda vijiji vya kaskazini na Gombe zinapakia magunia na watu pamoja.

"Dada, karibu dagaa. Hawa hawana mchanga, nimeanika kwenye chanja."

Nikaijua sauti kabla ya sura. Tulilala deka moja miaka mitatu, yeye juu, mimi chini. Nitamwita Z.

Tulikumbatiana huku mikono yake ikinuka samaki na yangu losheni. Akapita kijana mrefu na toroli, akanisalimu, "Shikamoo, mama mdogo." Z akamtazama anavyokwenda, kisha akanigeukia.

"Ndiye huyu."

Sikuuliza ndiye yupi.

Mwaka 2005 tulikuwa Kidato cha Tatu. Kila muhula tulipangwa mstari nje ya chumba cha matroni, tunaingia mmoja mmoja, tunalala kitandani, nesi anatubonyeza tumbo. Tulicheka tukiwa kwenye mstari, maana usipocheka utaonekana una hofu. Z hakucheka. Siku ya pili aliitwa ofisini, na siku ya tatu jina lake lilitajwa paredi mbele ya shule nzima. Nilimsaidia kubeba tranka hadi getini. Mlinzi akafungua, akafunga. Jioni ile kitanda cha juu kilibaki na chaga tupu, na mimi nikafanya hesabu zangu za logi chini yake.

Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi zilitaja kosa dhidi ya maadili, na zikataja ndoa. Mimba hazikuitaja kwa jina. Shule ziliiingiza zenyewe humo kwenye maadili, na maadili yakawa ya msichana peke yake. Juni 2017, akiwa Chalinze, Rais John Magufuli alisema katika utawala wake aliyepata mimba hatarudi shuleni. Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, Waziri wa Elimu na mbunge wa Kasulu Mjini, mkoani kwetu humu humu, akatangaza kwamba sasa wanaruhusiwa kurudi. Siku ile niliiandika habari hiyo vizuri sana. Nilipata maoni ya wataalamu wawili. Z sikumkumbuka hata kidogo.

Nikamwambia kuhusu sherehe. Alikuwa anajua, mitaa ya Kigoma haina siri. Nikasema, kwa ile furaha ya mtu anayetaka mambo yaishe haraka, "Sasa si uje kesho!"

Aliendelea kunipimia dagaa. "Ningekuja kama nani, shoga? Mmeandika wahitimu."

Sikuwa na jibu. Nikalipa bei aliyotaja bila kupatana. Nikiwa nageuka aliniita, akanipa kiroba kingine. "Hiki cha sherehe. Wapishi wawakaange na mawese, wasitie mafuta ya dukani."

Usiku ule, nyumba ya wageni, nikafungua kompyuta. Kwenye orodha ya michango nikaandika jina lake kamili, na kwenye safu ya mwaka wa kuhitimu nikaandika: Kidato cha Tatu B, 2005. Kesho yake mweka hazina alipokuwa anasoma wachangiaji kwa kipaza sauti, alifika pale akasita, akaniangalia. "Huyu ni nani jamani?"

Nikasema, "Alisoma na sisi."

Ukimya ulipita mezani. Mmoja akasema, "Z wa deka la dirishani?" Mwingine akataja jina ambalo nilikuwa nimelisahau, msichana wa Kidato cha Pili. Kisha wa tatu. Dagaa walikuwa wamekaangwa vizuri. Tulichangisha pesa za vyoo, tukakata keki, tukapiga picha. Kundi sasa linaitwa "Tuliosoma Pamoja". Z nimemwalika mara mbili, hajajiunga.

Lakini kuna jambo sikumwambia pale mwaloni, na sikulisema kwenye sherehe. Nilikuwa kiranja wa bweni. Kabla ya mstari ule matroni aliniita, akaniambia nimletee majina ya wasichana ambao hawakuchukua pedi mwezi ule. Nilikuwa na daftari, mwandiko wangu ulisifiwa. Nikaandika majina manne. La kwake lilikuwa la pili.

Z anakumbuka kwamba nilibeba tranka. Alinishukuru kwa hilo, akiwa ameshika sado ya dagaa mkononi, miaka kumi na tisa baadaye. Mwezi ujao narudi Kigoma kwa kazi. Kibirizi ni karibu na mjini, hata kwa miguu unafika, kwa hiyo kisingizio cha usafiri sina.