PIMBI WA SAANANE: MPOLE, LAKINI USIMZOEE

Ukitaka kumtibua mtu mfupi pale kijiweni, mwite pimbi. Hapo hapo ngumi zinaruka. Lakini muulize huyo mtukanaji kama amewahi kukutana na pimbi mwenyewe uso kwa uso, utamwona anakuna kichwa. Wengi wetu siku hizi tunamjua zaidi kapibara, yule mnyama mkubwa wa jamii ya panya kutoka Amerika Kusini, anayetamba kwenye simu zetu akiwa amejilaza ndani ya maji moto kule Japani, utadhani hadaiwi na mtu. Basi mpenzi msomaji, wiki hii nakuletea wa kwetu, ambaye kwa kutulia naye hajambo.

Nilimfuata Mwanza, kwenye Kisiwa cha Saanane. Kwa wasiopafahamu, ni kisiwa kidogo cha mawe ndani ya Ziwa Victoria, pua na mdomo na katikati ya jiji. Jina ni la Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo zamani. Mwaka 1964 serikali ilifungua hapo bustani ya kwanza ya wanyama nchini, na mwaka 2013 pakawa Hifadhi ya Taifa. Unapandia boti upande wa Capri Point, unavalishwa boya, na kabla hamjamaliza kupiga soga mmeshafika.

Hatukwenda mbali. Juu ya jiwe moja pana walikuwa wamelala kama kumi hivi, wengine juu ya migongo ya wenzao. Rangi ya kahawia, masikio madogo ya mviringo, mkia hakuna, ukubwa wa sungura aliyeshiba. Mmoja alifungua jicho, akaniangalia kama baba mwenye nyumba anavyomwangalia mpangaji wa miezi miwili bila kodi, halafu akalifunga.

"Shikamoo mzee. Hawa mbona wavivu hivi?" nikamuuliza askari wa hifadhi aliyekuwa akituongoza.

"Marahaba. Siyo wavivu kijana, wanaota jua."

Akanifungulia darasa. Kumbe mwili wa pimbi haujui sana kujipasha joto wala kujipoza. Asubuhi lazima aanikwe kwanza kama nguo, ndipo aende kula. Jua likiwa kali anarudi mapangoni. Usiku wanabanana kundi zima ili wasipigwe na baridi. Kwa hiyo ule utulivu unaokufanya useme "jamani anapendeza" ni namna yake ya kubana matumizi.

La pili liliniacha hoi. Huyu si ndugu wa panya wala sungura. Ndugu zake wa karibu walio hai ni tembo, na nguva wa baharini! Nilidhani mzee ananizuga, lakini ushahidi upo. Meno mawili ya mbele juu yanaendelea kukua maisha yake yote, mfano wa pembe za tembo. Vidole vina kucha bapa kama kwato ndogo. Na mimba? Sungura anabeba mwezi mmoja, pimbi anabeba zaidi ya miezi saba, na mtoto anatoka macho yako wazi, baada ya muda mfupi anaruka mawe. Nyayo zenyewe ni laini na zina unyevu wa jasho, ndiyo maana anapanda jiwe lililosimama wima kama amevaa raba mpya.

Wakati wote huo kulikuwa na mmoja hajalala. Alikaa jiwe la juu kabisa, shingo imenyooka. Mara kivuli cha ndege mkubwa kikapita. Yule mlinzi akatoa mlio mmoja mkali, na kabla sijageuza kichwa jiwe zima lilikuwa tupu. Wale niliowaita wavivu walipotea kwenye nyufa kama vibaka waliosikia filimbi. Dakika chache baadaye vichwa vikaanza kuchungulia, kimoja kimoja.

Hapo ndipo palipotaka kuzuka balaa. Katika boti yetu alikuwemo mshikaji mmoja na mchumba wake, wametoka zao chuo. Mshikaji akatoa biskuti, akachutama, simu mkono mmoja, biskuti mkono mwingine, akimsogelea dume mmoja mnene. Mchumba anacheka, "Mshike, mshike nikupige picha!" Yule dume hakukimbia. Alisimama tu. Katikati ya mgongo wake kuna doa la manyoya ya rangi tofauti, na lile doa likaanza kusimama taratibu, kama nywele za mtu aliyeona jini. Meno nayo yakaanza kusagana.

"Kijana, rudi nyuma!" askari alifoka. "Hiyo ya mgongoni ndiyo lugha yake. Ukiiona imesimama, ujue maongezi yamekwisha. Yale meno yatakufikisha kwenye mfupa."

Jamaa akarudi kinyumenyume, biskuti mfukoni. Dume naye akashusha manyoya, akajilaza. Hakuna aliyeumia. Lakini mchumba akasema kitu ambacho wengi tunakifikiri: "Si wamezoea watu lakini?"

Mzee akamjibu kwa upole: "Mwanangu, hawajawazoea ninyi. Wamezoea kutopigwa."

Maneno hayo niliyaelewa vizuri kesho yake. Mwenyeji wangu alinipandisha mlima mmoja wa mawe jijini, maana Mwanza nyumba zimepanda hadi kileleni. Kwenye nyufa tuliona yale madoa meupe ya mkojo wa pimbi uliokauka. Wana tabia ya kujisaidia mahali pamoja, jiwe linageuka kama limepakwa chokaa. Mwenyewe hatukumwona. Kitu cha kahawia kilifyatuka hatua kama hamsini mbele yetu, basi. Dogo mmoja mwenye manati shingoni akatucheka: "Hao bro huwapati mchana. Wajanja sana, na nyama yao tamu!"

Ni pimbi wale wale. Jiwe lile lile, ziwa lile lile, katikati pana maji kidogo tu. Wa kisiwani anakuangalia na kusinzia, wa mlimani akisikia kikohozi tu amekwenda. Tofauti ni sisi. Upole tunaousifia wa Saanane umejengwa miaka kwa miaka na watu waliojizuia kurusha jiwe, na unaweza kuharibiwa na biskuti vilevile kama unavyoharibiwa na manati. Akishazoea kulishwa, atakuja kudai. Akidai asipewe, atang'ata. Aking'ata, ataitwa mkorofi, na hukumu ya mnyama mkorofi mnaijua.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda, sikia. Wahi boti ya asubuhi, ndiyo saa ya kuwaona wakiota jua. Kaa chini, tulia, ongea kidogo. Usipowafuata, baada ya robo saa watakusahau na kuendelea na maisha yao: mama ananyonyesha, watoto wanapandana mgongoni, na swala pala wanapita nyuma yenu bila habari. Picha utapata tu, tena nzuri kuliko ya kulazimisha. Vitafunwa viache ndani ya begi. Na Biblia yako ukiwa nayo, fungua Mithali sura ya 30, pimbi yumo, anaitwa wibari, kwenye orodha ya wadogo wenye akili nyingi.

Wikiendi njema, na mkifika Saanane msalimieni yule mlinzi wa jiwe la juu. Kwa mbali.