Ramani mbili za Garsen

Nimepotea kidogo, najua. Nilikuwa napambana na mafaili.

Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nilikuwa natengeneza modeli ya maji ya mto Tana, kutoka Garissa hadi Garsen. Mvua ya Garsen kwenyewe ni kidogo tu. Maji huja kutoka Mlima Kenya na Aberdare, hupita mabwawa ya Masinga hadi Kiambere, na huchukua siku kadhaa kufika. Kwa hiyo mtu akijua mapema maji yatafika wapi, anapata nafasi ya kuhamisha mbuzi na magunia.

Siku moja kwenye baraza mzee mmoja akatandika karatasi mbili mezani. "Mwanangu, hizi zote ni zako?" Zilikuwa zangu. Ya kwanza ilionyesha shule iko pakavu, ya pili ilionyesha maji ya kiuno. Jamani, sikuwa na jibu. Kwenye laptopu kulikuwa na matokeo_mwisho, matokeo_mwisho2 na matokeo_mwisho_kweli.

Mwanzoni nilikuwa nimejaribu kutia matokeo yote kwenye Git. Usifanye hivyo. Kila jaribio lilitoa faili la GB 1.4, na GitHub inakataa faili linalozidi MB 100. Hata kwenye seva yako mwenyewe, ukilifuta leo bado linakaa kwenye historia, na hazina inazidi kunenepa.

Sasa nafanya hivi. Msimbo na vigezo vinakaa Git. Faili kubwa linakwenda diski ya nje, na jina lake ni hashi yake, basi. Hakuna "mwisho_kweli" tena. Muhtasari unaingia Dolt, ambayo ni hifadhidata ya SQL yenye komiti na matawi kama Git. Safu moja kwa kila jaribio: komiti ya msimbo, toleo la programu, kigezo cha Manning, hashi ya faili la miinuko, hashi ya matokeo. Jedwali la pili lina vituo: shule, zahanati, kisima, pamoja na kina cha juu cha maji na saa ya kufika. Kina nakikadiria hadi sentimita, kwa sababu prosesa zikigawana kazi, tarakimu za mwisho hazifanani kila mara, na diff inajaa takataka.

Ile ramani ya kwanza haikuwa na kumbukumbu yoyote. Ilinibidi kurudia majaribio 11, kila moja saa tisa (na stima ikipotea, anza upya), mpaka moja ikalingana nayo. Kisha nikaziweka zote mbili Dolt nikaomba diff. Tofauti ilikuwa faili la miinuko: katika la pili nilikuwa nimeongeza tuta la barabara ya kwenda Lamu. Data ya SRTM ina vipimo vya kila mita 30 hivi, tuta jembamba huwa halionekani vizuri.

Nikarudi kwa mzee nikamweleza kwamba ya pili ndiyo ya kufuata, kwa sababu barabara inazuia maji yakarudi upande wa shule.

Akacheka. "Hilo la barabara ungetuuliza tu."

Nimeongeza safuwima moja kwenye jedwali la vituo: nani aliyesema.