Jumapili Moja Lindi

Majuzi nilisafiri pwani ya kusini. Kilwa Kisiwani niliiona ngome ya Gereza, hapo waliposhuka Wareno mwaka 1505 pamoja na mapadre Wafransisko, wakaondoka mwaka 1512. Ngome tuionayo leo ilijengwa upya na Waarabu wa Omani, lakini neno gereza asili yake ni jina la Kireno la kanisa. Kanisa likawa kifungo! Nilicheka, nikapanda basi kwenda Lindi.

Jumapili nikasali na walokole, jirani na nyumba niliyofikia. Loo! Vipaza sauti virefu kumpita mchungaji, kinanda cha umeme, na vijana watano jukwaani wakirudia wimbo mmoja karibu nusu saa. Sikupendezwa. Lakini lazima nikiri kwamba vijana walijaa hadi mlangoni, na kwetu mabenchi ni matupu.

Kando yangu alikaa bibi mmoja, mikono mapajani, kimya. Baada ya ibada nikamwuliza, "Shikamoo, bibi. Mbona hukuimba?"

"Marahaba, mwanangu. Zamani tuliimba sote. Siku hizi naimbiwa."

Nilikosa la kujibu. Nyumbani mimi ndiye mweka hazina wa mchango wa vipaza sauti.