Kompyuta Yenye Miguu

Ugonjwa huu nimeitiwa kwenye maduka na ofisi ndogo mara nyingi kuliko hata virusi. Kompyuta nne au tano zimeungwa kwenye swichi moja, na mojawapo inapotea. Haijazimika wala haijaibiwa. Mtumiaji wake amekaa mbele yake anachapa barua, ila ukienda kwenye kompyuta nyingine ukafungua dirisha la mtandao, jina lake halimo. Kanywe chai, rudi, limo. Mafundi wengi huzima kila kitu, wakawasha upya, wakachukua chao na kuondoka. Na kweli linapona, mpaka kesho yake.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa Morogoro, mwaka 2011, kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi. Palikuwa na kompyuta nne za Windows XP, printa moja, na laptopu ya bosi aliyokuja nayo na kuondoka nayo. Hesabu za siku ziliandikwa kwenye kompyuta ya dada wa kaunta, ndani ya folda ambayo bosi aliifungua kutokea mezani kwake. Sasa ikawa kila akija kukagua, kompyuta hiyo haionekani.

"Fundi, hii mashine ina miguu," aliniambia. "Nikiingia mimi inatoka. Nikiondoka, inarudi."

Alikuwa ameshaamua nani anaipa miguu. Eti dada anachomoa waya apate muda wa kurekebisha hesabu. Wiki mbili mfululizo alikuwa amemkata shilingi 2,000 kila siku kompyuta ilipopotea, na mwisho wa mwezi angemfukuza. Dada alinivizia nje, sauti chini: "Kaka, mimi ule waya hata sijui unachomolewa wapi."

Kwanza nilikagua waya, maana kichwa cha waya kilicholegea husababisha mengi. Kilikuwa kimekaza, na taa ya swichi ilikuwa inawaka kijani. Anwani za IP hazikugongana. Nikasubiri bosi aje. Akaja, akawasha laptopu yake, na kweli, jina la kompyuta ya dada likawa halionekani. Nikakaa kwenye laptopu hiyohiyo, nikaandika amri ya ping na anwani ya kompyuta ya dada. Majibu yakarudi yote manne. Nikaandika mikwaju miwili ya kinyume na anwani ileile, na folda ya hesabu ikafunguka mbele ya macho yake.

Kompyuta ilikuwepo muda wote. Kilichokosekana ni jina kwenye orodha.

Hapa ndipo watu wengi hawajui, na bosi naye hakujua. Kwenye mtandao wa Windows wa enzi zile, orodha ile haikuwa picha ya nani yupo sasa hivi. Ilikuwa daftari la mahudhurio. Kila kompyuta inapiga hodi kutangaza kwamba ipo. Ikishatulia, inafanya hivyo kila baada ya dakika 12. Ikikosa mara tatu, inafutwa. Kwa hiyo iliyozimwa inaweza kuendelea kuonekana zaidi ya nusu saa, na iliyo hai ikakosekana. Tena daftari lenyewe hushikwa na kompyuta moja tu, na zenyewe kwa zenyewe hupiga kura nani alishike. Kura hiyo hutazama, pamoja na mambo mengine, nani amekaa muda mrefu bila kuzimwa.

Bosi hakuwa na kawaida ya kuzima laptopu. Alifunga kifuniko tu akaondoka. Isitoshe, mtu alimwekea programu ya ulinzi kali mno, inayozuia chochote kutoka nje kisiingie bila kuombwa. Hodi za wenzake zote ziliishia mlangoni. Laptopu haikumsikia mtu, ikajiona iko peke yake, ikajipa daftari, na daftari likawa na jina moja: la kwake. Siku nyingine kompyuta ya kaunta ilikuwa imeshalishika daftari na laptopu ikaliomba huko, basi majina yote yakaonekana. Ndiyo maana tatizo lilikuja na kuondoka.

Tangu 2017 Windows 10 mpya zimeachana na utaratibu huu na kutumia mwingine, lakini bado naitwa kwa kompyuta zilizopotea, na bado naanza na anwani kabla ya kuuliza nani amegusa nini.

Dawa ilichukua dakika kumi. Niliiruhusu programu ya ulinzi ipokee mtandao wa ndani, kisha kwenye rejista ya laptopu nikaandika kwamba isishike daftari kamwe, na kwenye kompyuta ya kaunta, isiyozimwa mchana kutwa, nikaandika kwamba ilishike yenyewe. Bosi aliniuliza mara mbili kama nina uhakika ni laptopu yake. Nikamwambia aizime kabisa, kisha aende kompyuta ya tatu aangalie. Akaenda, akaangalia, akakaa kimya.

Nilipofunga begi langu nikamkumbusha ile 2,000. "Hayo ya ndani, fundi," akasema. Dada alikuja kunipigia simu mwezi uliofuata. Alikuwa amerudishiwa, kwa mafungu matatu, na bado alikuwa kaunta.