Majani Kabla ya Mvua

Mwezi wa Septemba tulisafiri toka Kasulu hata Kibondo. Nyasi zilikuwa zimeungua, nchi imekauka kama kigae. Lakini miyombo ilikwisha kuchipua majani mekundu, wala mvua haijanyesha. Mizizi yake hushuka chini sana, hunywa maji tusiyoyaona. Kuijua sababu hakukutuondolea ajabu, bali kulituzidishia. Waha humwita Imana yeye aliyeyafanya hayo.

Nasi nyumbani je? Sala ya asubuhi twaiharakisha kama wahesabuo mbegu. Watoto wasikia midomo yetu, kicho chetu hawakioni. Basi, wazazi na walimu, kesho watoeni nje kwanza. Watazame kimya, ndipo mwombe pamoja nao.